Mwanamke Anayesema na Masufuria

Mambo haya nimekaa nayo miaka minne. Kila nikitaka kuyasema, mtu wa kumwambia ni yule yule ambaye sina uso wa kumtazama. Kwa hiyo nayaandika.

Mimi ni mwalimu wa fasihi. Kila mwaka, mitihani ya kumaliza sekondari ikishafanywa, baadhi yetu huitwa kusahihisha. Hutukusanya katika shule moja ya bweni ambayo wanafunzi wake wamekwenda likizo. Tunalala kwenye vitanda vyao vya ghorofa, walio warefu miguu ikining'inia nje, na mchana kutwa tunakaa bwaloni kwenye meza ndefu, kila meza na swali lake. Unasahihisha swali hilo hilo moja kuanzia asubuhi hadi jioni, siku kumi na nne, mpaka unaliota.

Mwaka ule nilikuwa nimepandishwa kuwa kiongozi wa meza. Nilikuwa nimesahihisha kwa miaka kumi na mmoja bila kupandishwa, nikiwaona watu niliowafundisha kushika kalamu nyekundu wakinipita. Nilipoipata nafasi ile nilijiona nimefika. Meza yangu ilikuwa ya swali la tano, swali la istilahi za tamthilia.

Swali lenyewe lilikuwa jipya. Miaka ya nyuma watahiniwa walikuwa wakiulizwa habari za vitabu walivyosoma: mhusika fulani ana tabia gani, mgogoro umejengwaje, mambo kama hayo. Safari hii walipewa maelezo matano na kuambiwa wataje istilahi ya kila moja, waifafanue, watoe mfano. Mhusika aliyebaki peke yake jukwaani akisema mawazo yake kwa sauti, hiyo inaitwaje? Hadithi inapoacha ya leo na kurudia ya zamani? Watazamaji wanapojua jambo ambalo mhusika halijui? Mavazi ya waigizaji? Maneno anayoyaandika mtunzi katika mabano ili kumwelekeza mwigizaji? Alama nne kila moja, jumla ishirini.

Majibu yalikuwa kwenye mwongozo wetu wa kusahihisha. La kwanza lilikuwa "uzungumzi nafsi". Na chini ya ukurasa palikuwa na mstari mmoja kwa herufi nzito: mtahiniwa akikosea istilahi, maelezo na mfano wake visipewe alama.

Kulia kwangu alikaa mwanamume mmoja wa miaka hamsini na sita tuliyemwita Mzee Jukwaa. Jina hilo alipewa mezani siku ya kwanza, kwa sababu akisoma jibu zuri alikuwa akilisoma kwa mikono, mabega na nyusi, kama mtu aliyepanda jukwaani. Alikuja na mto wake mdogo wa kukalia, wa kitambaa cha maua, maana mabenchi ya bwalo yalikuwa magumu. Tulimcheka kwa ule mto hadi siku ya tatu, kisha kila mtu akawa anamwomba amwazime. Miaka yote alikuwa akisahihisha insha. Kwetu aliletwa kwa sababu walimu hawakutosha.

Mkutano wa kwanza, mwongozo ulipokuwa ukisomwa, nilimwona ameinua mkono. Kisha akaushusha. Wakati wa chai alishika kikombe bila kunywa hadi chai ikafanya utando juu.

"Vipi, Mzee?" nikamuuliza.

"Tumbo tu, dada yangu."

Sikuuliza tena.

Siku ya nne nilifungua furushi jipya. Mafurushi hayana jina la shule, ni namba ya kituo tu, na sisi hatujui namba ni ya wapi. Hili lilikuwa na vijitabu vya majibu arobaini na kimoja. Cha kwanza, jibu la kwanza, kilisema: "Usemi pweke." Nikatia sifuri. Sheria ilisema nisiendelee, lakini macho yakateleza yakasoma yaliyofuata: "Ni pale mhusika anapobaki peke yake jukwaani na kuyatoa ya moyoni. Mfano ni mwanamke anayeosha vyombo uani na kusema na masufuria. Masufuria hayamjibu. Wanaomsikia ni sisi tu."

Nikatabasamu. Nikafungua cha pili. Usemi pweke. Mwanamke uani, masufuria hayamjibu. Cha tatu vivyo hivyo. Kufika cha kumi nilikuwa nacheka peke yangu, kwa sababu yule mwanamke alikuwa haishi kuosha, na masufuria yalikuwa hayaishi kunyamaza. Swali la pili nalo, wote wamekosea kwa neno lile lile moja. La tatu pia. Maleba tu, yaani yale mavazi, ndiyo walipata, na maelekezo ya jukwaani.

Sasa, sisi tulikuwa na utaratibu. Ukikuta watahiniwa zaidi ya kumi wa kituo kimoja wamekosea kwa maneno yanayofanana, unaweka furushi pembeni na kujaza fomu. Nikaijaza. Mstari wa mwisho ulikuwa unauliza: "Je, kwa maoni ya msahihishaji, kufanana huku kunatokana na udanganyifu?" Palikuwa na visanduku viwili, ndiyo na hapana. Hapakuwa na nafasi ya kuandika sijui. Nilitia alama kwenye ndiyo. Ukweli ni kwamba kufuta miwani yangu asubuhi ile kulinichukua muda mrefu zaidi ya kukitafakari kile kisanduku.

Nikaipeleka fomu kwa mkuu wa chumba, aliyekaa mbele karibu na mlango wa jikoni. Tulimwita Bwana Kengele. Alikuwa na kengele ndogo ya shaba, na hakuna aliyethubutu kuinuka au kuketi mpaka aitikise. Aliisoma fomu, akaigonga muhuri, akaiweka katika trei ya kijani.

Niliporudi, Mzee Jukwaa alikuwa anachonga penseli.

"Mzee, leo nimepata kichekesho," nikamwambia. "Kuna shule nzima ina mwanamke mmoja. Anaosha vyombo na kupiga soga na masufuria."

Penseli ikasimama.

"Naomba nione."

Nilimpa vitatu vya juu. Alisoma huku akipitisha kidole chini ya mistari, na safari hii mabega yake hayakucheza. Alipomaliza cha tatu akavipanga vizuri, kingo kwa kingo, akaviweka mbele yangu.

"Hawa hawakunakiliana," akasema. "Hawa wamefundishwa."

"Na nani?"

"Na mimi."

Nilidhani ni utani wake. Nikangoja acheke.

"Huyu mwanamke ni dada yangu," akasema. "Alikuwa akiosha vyombo uani kwetu jioni, anasema na masufuria. Yote ambayo hakutuambia sisi aliyaambia masufuria. Mimi nilikuwa nakaa dirishani nasikia. Amefariki miaka tisa sasa. Kila mwaka nikifika kwenye usemi pweke, namtoa yeye. Watoto hawasahau."

"Lakini neno lenyewe, Mzee. Usemi pweke umeutoa wapi?"

"Kwenye kijitabu cha chuoni. Mwalimu wetu alikiandika mwenyewe, kikapigwa chapa pale pale kwa mashine ya mkono. Shuleni kwangu vitabu vipya havijafika. Nina hicho tu. Siku ile mwongozo unasomwa, nilijua tayari watoto wangu wamekwisha katika swali hili. Nikasema basi, ni swali moja, watapona kwingine. Sheria inakataza msahihishaji kujulisha shule yake. Nikanyamaza. Sasa wewe unawaita wezi."

"Mimi sikujua."

"Najua hukujua. Fomu umeshaipeleka?"

Nikatazama ile trei ya kijani. Yeye akafuata macho yangu, akainuka bila kengele.

Bwalo lote lilimwona akivuka. Kalamu zikasimama. Sikusikia maneno ya mwanzo, ila baada ya muda Bwana Kengele alipaza sauti, na kila mtu akasikia.

"Kwa hiyo unakiri kwamba hiki ni kituo chako?"

"Nakiri."

"Na umekaa siku nne kwenye meza ya swali hili hili, unajua wanafunzi wako waliandika nini?"

"Nilijua nilichowafundisha."

"Ulijua kabla hujaona karatasi hata moja. Mzee, unajisikia unavyosema?"

Ndivyo maneno yanavyogeuka. Jambo lililokuwa la watoto waliofundishwa neno la zamani likageuka kuwa la mwalimu aliyejipenyeza chumba cha kusahihisha. Kisha nikasikia naitwa.

Nilikwenda mbele. Bwana Kengele alikuwa ameshika fomu yangu kwa vidole viwili.

"Kiongozi wa meza, hii ni yako. Unaifuta au inaendelea?"

Mzee Jukwaa hakunitazama. Alikuwa anatazama ukutani, palipobandikwa ratiba ya chakula cha wanafunzi.

"Nikiifuta inakuwaje?" nikauliza.

"Unaandika hapa nyuma kwamba uliijaza kwa uzembe, unatia sahihi. Mimi naipeleka kwa mratibu na hiyo sahihi."

Nikaelewa. Uongozi wa meza una siku nne, na tayari uzembe. Wasingeniita tena. Miaka kumi na mmoja niliiona ikipita mbele ya macho yangu kama watu wanaoshuka garini mmoja mmoja. Nilikuwa na nafasi ya kusema maneno mengi. Nilikuwa naweza kusema kwamba neno ni sahihi ingawa si la mwongozo, kwamba watoto walilieleza vizuri kuliko wengi niliowapa alama zote, kwamba mwanamke wa masufuria ni mfano bora kuliko ule uliomo kwenye mwongozo. Yote hayo niliyajua pale pale niliposimama. Nikasema:

"Nimeandika nilichokiona."

Bwana Kengele akarudisha fomu kwenye trei.

"Ni kweli," Mzee Jukwaa akasema polepole, "ameandika alichokiona." Hakukuwa na kejeli katika sauti yake. Nilitamani ingekuwepo.

Walimtoa kabla ya chakula cha mchana. Mlinzi alimsindikiza bwenini akachukua begi lake. Kupitia dirisha nilimwona anavuka uwanja, begi mkononi, mto wa maua kwapani. Nilikuwa na muda wa kutosha kutoka nikamuage. Nikafungua furushi jingine.

Matokeo yalitoka baada ya miezi mitatu. Kituo kile kilifutiwa somo zima kwa udanganyifu wa pamoja, watahiniwa wote arobaini na mmoja, na kufungiwa wasifanye mtihani wowote wa taifa kwa miaka miwili. Nilisoma tangazo lile kwenye ubao wa shule yetu, katikati ya walimu wenzangu. Mmoja akasema, "Watoto wa siku hizi hawana haya." Nikaitikia. Kichwa changu mwenyewe kilitikisika kukubali.

Jumamosi iliyofuata nilipanda basi kwenda kwa Mzee Jukwaa. Sikuwa nimemwandikia. Nilikuwa nimepanga maneno njia nzima, na nilipofika yakayeyuka. Aliishi katika nyumba ya walimu yenye vyumba viwili, bati limeota kutu pembeni, mlango umepakwa rangi ya buluu juu tu, chini rangi imeisha. Alinipokea kama ndugu. Alikuwa amekonda, lakini alikuwa amenyoa ndevu na kuvaa shati lililopigwa pasi.

Aliyeleta chai alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa, mrefu, mwenye kutembea taratibu kama mtu aliyebeba kitu kilichojaa hadi ukingoni.

"Mpwa wangu," akasema. "Mtoto wa marehemu dada. Na huyu, mama, ni mwalimu mwenzangu. Tulikuwa naye kule."

Msichana alinipa mkono kwa heshima, mguu mmoja ukikunjika kidogo. "Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu."

"Mjomba anasema kule kulikuwa na watu wema pia."

Nilimtazama mjomba wake. Yeye alikuwa anatazama kikombe. Ndipo nilipojua kwamba hakumwambia, na kwamba hatamwambia kamwe. Na mimi, badala ya kusema pale pale, nilinyanyua kikombe nikanywa chai ya moto hadi nikaunguza ulimi.

Msichana yule alikuwa mmoja wa wale arobaini na mmoja. Alikuwa na nafasi katika chuo cha uuguzi, barua iko kwenye fremu ukutani, kwa sharti kwamba apate cheti. Bila somo lile hapakuwa na cheti.

"Tukate rufaa," nikasema. "Mimi najua wanavyofikiri. Nitaandika."

Niliona uso wa Mzee ukifunguka kidogo, na nikajichukia, maana nilijua nilisema vile zaidi kwa ajili yangu. Hata hivyo tuliandika. Siku mbili nzima kwenye meza ile, barua ya kurasa tatu, kila istilahi na maana yake, neno la kijitabu upande huu, neno la mwongozo upande ule, tukionyesha kwamba vitu ni vile vile. Mzee alitamka, mimi nikaandika, mpwa wake akanakili kwa mwandiko safi. Kulikuwa na wakati hata tulicheka. Mzee aliinuka akatuonyesha mhusika anayeshindwa kutoka jukwaani kwa sababu mtunzi amesahau kuandika maelekezo, akawa anazunguka chumbani anagonga viti, na mpwa wake akacheka hadi akashika mbavu. Nafikiri ile ndiyo mara ya mwisho niliyomwona akiwa Mzee Jukwaa kweli.

Rufaa ya kituo ilitakiwa kupitia kwa mkuu wa shule, ndani ya siku thelathini, na muhuri wake. Tulikwenda Jumatatu. Mkuu wa shule alitusikiliza hadi mwisho, akasoma kurasa zote tatu, akavua miwani.

"Barua nzuri sana," akasema.

"Basi tia muhuri, mkuu," Mzee akasema.

"Mwalimu mwenzangu, nisikilize. Mimi nimebakiza miaka miwili nistaafu. Tangu tangazo lile, wamekuja hapa mara mbili kuniuliza nilikuwa wapi. Nikitia muhuri hapa nasema ofisi ya mitihani imekosea. Nao watauliza kwa nini shule yangu ilifundisha kwa kijitabu ambacho hakijaidhinishwa na mtu. Nitajibu nini?"

"Utajibu kwamba vitabu hatukuletewa. Niliandika kuviomba mara nne. Barua zipo kwenye jalada lako."

"Zipo," mkuu akasema. Alichukua kibweta cha wino wa muhuri, akakifunika, akakiweka kwenye droo, akafunga kwa ufunguo. Alifanya vile taratibu, bila ubaya, kama mtu anayemfunika mgonjwa shuka. "Nina watoto pia, mwalimu."

Kuna aina ya watu huwezi hata kuwakasirikia, maana ukiwatazama sana unajiona.

Tulikwenda wenyewe kwenye ofisi ya mitihani, watu watatu, bila muhuri. Tulisimama kwenye foleni asubuhi hadi zamu yetu ilipofika saa nane mchana. Karani wa dirishani alikuwa mwanamke mpole mwenye mafua.

"Muhuri uko wapi?"

"Hatukupewa," nikasema.

"Barua isiyo na muhuri ni karatasi tu, dada. Siwezi kuipokea, sina pa kuiandika." Akakichukua kile kijitabu, akakigeuza. Kilikuwa na jalada la karatasi ya kahawia, pini zake zimeota kutu. "Hiki kimeidhinishwa?"

"Kilipigwa chapa chuoni," Mzee akasema.

"Aliyekiandika anaweza kuja kutoa maelezo?"

"Alishafariki."

Karani akapenga kamasi, akatutazama kwa huruma ya kweli, akakisukuma kijitabu chini ya kioo. "Poleni sana," akasema, kisha akamtazama mtu aliyekuwa nyuma yetu.

Siku thelathini ziliisha wiki iliyofuata.

Ya Mzee Jukwaa si marefu. Walimhoji, wakamwondoa darasani wakati uchunguzi ukiendelea, na uchunguzi ukaendelea mpaka watu wakausahau. Walimpeleka bohari ya idara kugawa chaki na madaftari. Nilimtembelea pale mara mbili. Mara ya kwanza tulizungumza. Mara ya pili mwalimu mmoja kijana alikuja kuchukua chaki, akamuuliza kwa heshima, "Mzee, wanasema wewe ni bingwa wa tamthilia. Hivi tofauti ya tanzia na ramsa ni nini hasa?" Nilimwona Mzee anavuta pumzi, nikafikiri sasa mabega yatacheza. Akasema, "Angalia mwongozo unasemaje, uandike hivyo hivyo." Akamhesabia boksi zake. Sikurudi tena. Mwaka uliofuata alipata kiharusi, na anaishi kwa kaka yake, mbali, hatoki.

Mpwa wake nilikutana naye mwaka jana. Nilikuwa nimekwenda mji ule kwa semina, nikapeleka koti langu kwa dobi aliye karibu na nyumba ya wageni niliyofikia. Nyuma ya kaunta, katika mvuke na harufu ya sabuni, alikuwa yeye. Alinitambua kabla sijamtambua.

"Mwalimu!" Akazunguka kaunta akanikumbatia, mikono yake ina joto la pasi.

Miaka miwili ya kufungiwa ilikuwa imepita kitambo. Nilimuuliza kama alirudia mtihani.

"Nilijiandikisha," akasema. "Nikaenda mpaka mlangoni. Msimamizi akatuambia tunyooshe mikono atupekue kama tumeficha karatasi. Alipofika kwangu akaangalia namba, akasema, 'Aha, nyinyi ndio wale.' Nikageuka nikarudi. Najua ni ujinga. Lakini miguu ilikataa."

"Si ujinga."

"Ni ujinga, mwalimu. Ila ndiyo hivyo."

Alikuwa na rundo la shuka za nyumba ya wageni. Mwenzake alikuwa ametoka, akaniomba nimsaidie kukunja. Nilishika ncha mbili, naye mbili. Unajua namna ya kukunja shuka watu wawili: mnanyoosha, mnakunja, mnasogeleana mpaka mikono inakutana, yeye anachukua ncha zako, unarudi nyuma kushika mkunjo. Tulifanya hivyo shuka baada ya shuka.

"Nilikuwa nataka kukuuliza siku zote," akasema tukiwa tumesogeleana. "Kule mlikokuwa, ulimjua aliyetusahihisha sisi?"

"Walimu walikuwa wengi," nikasema.

"Sina kinyongo naye. Ni kwamba mimi niliandika yote mawili. Uzungumzi nafsi nililiona kwenye gazeti la zamani lililofungiwa sabuni, nikalipenda. Kwenye mtihani nikaogopa kuacha neno la mjomba, nikaandika yote mawili. Na mbinu rejeshi, kwenye lile la kurudia ya zamani, nikaandika. Yote niliandika mawili mawili. Mfano nikamweka mama, lazima. Nataka tu kujua kama yule mtu alisoma mpaka kwangu, au alishatufungia furushi kabla hajafika."

Nilisoma mpaka kwake. Kilikuwa kijitabu cha thelathini na tatu, mwandiko ulioinamia kulia, herufi za "g" zina mkia mrefu. Nilimpa alama zote ishirini kwa wino mwekundu, nikasema moyoni, huyu angalau. Kisha nikakirudisha ndani ya furushi na wenzake, nikajaza fomu. Idadi ya vinavyofanana niliandika arobaini na kimoja, kwa sababu mwanamke wa masufuria alikuwemo katika vyote.

Nilikuwa na kitu kimoja tu duniani cha kumpa mtoto yule, na nisingeweza kumpa bila kumwambia mkono uliokishika. Uso wake ulikuwa karibu na wangu, shuka katikati yetu. Akangoja.

"Sijui, mwanangu," nikasema. "Mimi nilikuwa meza nyingine."

"Haya," akasema. "Si kitu."

Alichukua ncha zangu, akaikamilisha ile shuka, akaiweka juu ya rundo na kuisawazisha kwa kiganja. Kisha akavuta nyingine kutoka kwenye kapu, akaikung'uta, na kunirushia upande wangu.

"Shika hapo kwenye pindo, mwalimu," akasema. "Hii ina mkunjo mbaya."

Nikashika.